Kuiga safari ya karibu na kasi ya nuru kwa Stellarium na Celestia

Fungua Celestia, programu ya kompyuta inayokuwezesha kusafiri ndani ya ramani ya anga za mbali, jisogeze nje kidogo ya Jua, kisha bonyeza F4. Chini ya skrini utaandikiwa kwamba sasa unakwenda kwa kasi ya nuru, yaani kilomita 299,792 na ushei kila sekunde. Halafu? Halafu hakuna kinachotokea. Kutoka Jua hadi mzingo wa Dunia utatumia dakika 8 na sekunde 19. Hadi Neptuni ni saa 4 na dakika kadhaa. Nyota zenyewe hazitaonekana kusogea hata ukiiacha kompyuta ikiwaka mwezi mzima.

Wengi huishia hapo, wakaongeza kasi hadi mara mamilioni ya ile ya nuru, nyota zikaanza kupita pembeni, wakaridhika kwamba wameona safari ya anga za mbali. Walichoona ni kamera ikisogezwa ndani ya ramani. Msafiri wa kweli anayekwenda kwa asilimia 90 ya kasi ya nuru hapishani na nyota kwa vurugu. Kinachombadilikia ni nuru yenyewe inayomfikia: inatoka upande mwingine, ina rangi nyingine, ina ukali mwingine, na matukio inayoyaleta yanakwenda kwa mwendo mwingine. Mabadiliko hayo manne ndiyo tunayotaka kuyaiga, na programu hizi za bure zinaweza kutusaidia ingawa hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Stellarium, inayochora anga kama linavyoonekana kutoka Duniani, tutaitumia kwa umbo la anga, programu fupi ya Python (lugha ya kuandikia programu) kwa rangi na mwangaza, na Celestia kwa saa na umbali.

Kabla ya kuanza, zoea alama tatu. Herufi b ni kasi yako kama sehemu ya kasi ya nuru, kwa hiyo b = 0.9 ni asilimia 90. Herufi g, ambayo vitabu huiandika kwa gama ya Kigiriki, ni 1 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili (mzizi) cha (1 − b²), yaani g = 1/√(1 − b²). Ukiwa kwenye b = 0.5, g ni 1.155, kwenye 0.9 ni 2.294, kwenye 0.99 inafika 7.09. Ya tatu ni k = √((1 − b)/(1 + b)). Hii k haisifiwi sana, ila katika mwongozo huu ndiyo inayofanya kazi kubwa.

Hatua ya 1: Safisha anga la Stellarium

Stellarium imekusudiwa mtu aliyesimama ardhini, hivyo mwondoe ardhini. Bonyeza G kuondoa mandhari ya ardhi, A kuondoa angahewa, Q kuondoa alama za pande za dunia. Sasa unaona nyota pande zote, hata zilizo chini ya miguu yako. Washa mistari ya makundinyota kwa C, maana bila mistari hiyo hutatambua nini kimehamia wapi. Bonyeza F4, tafuta sehemu ya projeksheni, yaani namna ya kulichora anga la duara kwenye skrini bapa, chagua ya stereografia. Mara nyingi huwa ndiyo iliyochaguliwa tangu mwanzo, lakini hakikisha, kwa sababu hatua ya 3 yote inasimama juu yake. Dirisha la programu lifanye liwe karibu na mraba.

Usijali kwamba bado upo Duniani. Tunaiga kile ambacho angekiona mtu anayepita hapa hapa, jirani na Jua, kwa kasi kubwa. Mahali ni pamoja, kwa hiyo nyota za kuanzia ni zilezile.

Hatua ya 2: Chagua pa kuelekea, na nyota za kukagulia

Usichague mwelekeo ovyo. Napendekeza katikati ya mkanda wa Jabari, kundinyota ambalo programu italiandika Orion. Nyota ya kati ya ule mkanda ni Alnilam. Bonyeza F3, andika jina, kisha bonyeza kitufe cha nafasi ili iwe katikati ya skrini.

Sababu ya kuchagua hapo ni kwamba pande mbili za mkanda kuna nyota mbili zenye tabia tofauti kabisa. Betelgeuse ni nyekundu, halijoto ya uso wake ni takriban Kelvini 3,500, na iko nyuzi 9.8 kutoka Alnilam. Rigel ni ya samawati, takriban Kelvini 12,000, nayo iko nyuzi 8.8. Zote mbili zitakuwa karibu mbele yako kabisa, ila zitakuchezea michezo miwili tofauti tukifika kwenye rangi.

Ongeza nyota mbili zaidi. Polaris, nyota ya kaskazini, iko nyuzi 90.7 kutoka Alnilam, maana yake iko ubavuni. Antares, ile nyekundu ya kundinyota la Nge, iko nyuzi 148, yaani nyuma ya bega. Andika pembe hizo nne mahali, utazihitaji. Ukitaka kuongeza nyota nyingine, Stellarium ina kifaa cha kupimia pembe kati ya nukta mbili miongoni mwa viongezo vyake.

Hatua ya 3: Aberesheni, kwa kubadilisha upana wa mtazamo peke yake

Hapa ndipo penye utamu. Unapokwenda kwa kasi, nuru ya nyota inaonekana kutokea mbele zaidi kuliko inakotokea kweli. James Bradley aliligundua jambo hili miaka ya 1720 akifuatilia nyota Gamma Draconis: Dunia inalizunguka Jua kwa kilomita 30 hivi kwa sekunde, na hiyo inatosha kuzihamisha nyota kwa sekunde za tao 20.5 (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3600 ya nyuzi moja). Kanuni kamili, inayofaa hata karibu na kasi ya nuru, ilitolewa na Einstein mwaka 1905. Ukiiandika kwa nusu-pembe inakuwa fupi mno:

tan(pembe mpya ÷ 2) = k × tan(pembe ya kweli ÷ 2)

Pembe zote hupimwa kutoka mbele, yaani kutoka Alnilam.

Sasa angalia. Projeksheni ya stereografia huchora kila nyota kwa umbali kutoka katikati ya skrini unaolingana na tan ya nusu ya pembe yake. Kanuni ya aberesheni inazidisha tan hiyohiyo kwa k. Kwa hiyo, ukiwa umeelekeza katikati ya skrini kule unakokwenda, aberesheni nzima si kitu zaidi ya kuipunguza picha kwa kiwango cha k. Na kupunguza picha ndiko kupanua mtazamo. Hakuna ukadiriaji hapa wala udanganyifu, ni hesabu kamili kwa kila nyota iliyo kwenye skrini. Projeksheni nyingine hazina sifa hii. Celestia kwa kawaida huchora kwa perspektivu, ndiyo maana kazi hii hatuifanyi huko.

Tuseme chombo chako kina dirisha la upana wa nyuzi 60. Upana wa kuweka kwenye Stellarium ni:

upana = 4 × atan( tan(60° ÷ 4) ÷ k )

Kwa wasiotaka kupiga hesabu, hizi hapa:

b = 0: 60°
b = 0.1: 66.0°
b = 0.5: 99.6°
b = 0.7: 130.1°
b = 0.8: 155.2°
b = 0.9: 197.7°

Tazama jinsi mwanzo ulivyo mvivu. Asilimia 10 ya kasi ya nuru, ambayo ni kasi ya kutisha kwa chombo chochote tulichowahi kurusha, inabadilisha anga kidogo tu kiasi kwamba mtazamaji asiyeambiwa asingegundua. Mambo yanaanza kuharakika baada ya 0.7.

Unaweza kupanua kwa gurudumu la kipanya huku ukisoma upana chini ya skrini, lakini kuupata kwa usahihi ni kero. Afadhali skripti, yaani orodha ya amri ambazo programu inazifuata yenyewe. Bonyeza F12 ufungue dirisha la skripti, bandika hii, uiendeshe:

LandscapeMgr.setFlagLandscape(false);
LandscapeMgr.setFlagAtmosphere(false);
core.setProjectionMode("ProjectionStereographic");
core.moveToObject("Alnilam", 2);
core.wait(3);
StelMovementMgr.zoomTo(60, 1);
core.wait(3);
StelMovementMgr.zoomTo(99.6, 4);
core.wait(6);
StelMovementMgr.zoomTo(155.2, 4);
core.wait(6);
StelMovementMgr.zoomTo(197.7, 4);

Utaona anga likikusanyika mbele kana kwamba unarudi nyuma, ilhali unaongeza mwendo kwenda mbele. Kwa wengi hili linagonga vibaya mara ya kwanza, na ni sawa kabisa: wakati wa kuongeza kasi, kule unakokwenda huonekana kukimbia. Ukifika 0.9, nusu nzima ya anga iliyokuwa mbele yako imesongamana ndani ya duara lenye nusu-kipenyo cha nyuzi 25.8 tu. Betelgeuse iko nyuzi 2.3 kutoka katikati badala ya 9.8. Polaris, iliyokuwa ubavuni, imeingia dirishani: nyuzi 26.2. Jabari mzima, mabega hadi miguu, anaenea karibu nyuzi 4.

Lakini ukimtazama kwa makini ni Jabari yuleyule. Hakupinda wala hakubonyea, amekuwa mdogo. Projeksheni hii hutunza pembe na huacha duara liwe duara, na kwa sababu aberesheni inafanana nayo, anga la msafiri nalo hutunza maumbo ya vitu vidogo. Roger Penrose alilionyesha hili mwaka 1959, kwamba tufe linalopita kwa kasi yoyote ile bado mzingo wake unaonekana duara. Mwaka huohuo James Terrell aliandika kuhusu jambo hilohilo. Kwa hiyo ukiona mchoro wa sayari iliyobanwa kama chapati eti kwa sababu chombo kinakwenda kasi, mchoraji amechanganya kinachopimwa na kinachoonekana kwa macho.

Kuna mpaka. Stellarium haipanui projeksheni hii kupita nyuzi 235, na kwa dirisha la nyuzi 60 hiyo ni b isiyofika 0.95. Ukitaka 0.99 punguza dirisha lako: kwa dirisha la nyuzi 30 upana wa kuweka unakuwa nyuzi 247, bado umezidi kidogo, hivyo shuka hadi dirisha la nyuzi 25, utapata 228. Wanaotaka kwenda mbali zaidi ya hapo waitazame Gaia Sky, programu nyingine ya anga, ambayo inao uwezo wa kuchora aberesheni ya relativiti yenyewe. Mwongozo wa toleo lako utakueleza inawashwa wapi. Mimi bado naona njia ya Stellarium inafundisha zaidi, kwa kuwa unaona hesabu ikitenda kazi mbele ya macho yako.

Jambo moja usiliamini kwenye picha hii: mwangaza. Stellarium hupunguza idadi ya nyota inazochora kadiri mtazamo unavyopanuka ili skrini isijae. Huo ni uamuzi wa uchoraji, hauna uhusiano na safari yako.

Hatua ya 4: Rangi na mwangaza

Nuru inayotoka mbele husukumwa kuelekea samawati, ya nyuma huvutwa kuelekea nyekundu. Kiasi chake kinaitwa kizidishi cha Doppler, tukiite D:

D = g × (1 + b × cos(pembe ya kweli))

Zingatia neno «ya kweli». Hapa unaweka pembe ya kabla ya aberesheni, ile ya hatua ya 2. Ukiweka pembe mpya utapata majibu yanayoonekana ya busara lakini ni ya uongo, na hakuna kitakachokuonya.

Nyota hutoa nuru karibu kama kitu cheusi kilichopashwa moto, na vitu vya aina hiyo vina tabia nzuri: ukisukuma nuru yake kwa D, inabaki kuwa nuru ya kitu cheusi, ila halijoto inaonekana imezidishwa kwa D. Jua lina Kelvini 5,772. Likiwa mbele yako kabisa kwenye b = 0.5, ambapo D ni 1.73, litaonekana kama la Kelvini 10,000, rangi ya Sirius. Likiwa nyuma yako, litaonekana la Kelvini 3,300, wekundu wa Betelgeuse.

Mwangaza ndio unaowaponza hata wajuzi. Utasoma mahali pengi kwamba mwangaza unazidishwa kwa D kipeo cha nne. Hiyo ni kweli kwa mwangaza wa kila kipande cha uso wa nyota. Lakini nyota tunaiona kama nukta, na aberesheni imeshaifanya iwe ndogo, eneo lake angani limegawanywa kwa D². Kwa nyota nzima, nishati yote inayokufikia inazidishwa kwa D² tu. Programu nyingi ndogo zilizoandikwa na wapenzi wa fani hii hutumia kipeo cha nne na matokeo yake ni anga la mbele linalowaka kupita kiasi.

Tena hiyo D² ni nishati yote, pamoja na ile ya urujuanimno ambayo jicho halioni. Kwa jicho, hesabu inahitaji kanuni ya Planck kwenye rangi moja. Nanometa 550, kijani-manjano, inatosha. Hii hapa kwa Python:

from math import *

def planki(t):
    return 1/(exp(26160/t) - 1)

def safari(pembe, b, T):
    g = 1/sqrt(1 - b*b)
    k = sqrt((1 - b)/(1 + b))
    r = radians(pembe)
    mpya = 2*degrees(atan(k*tan(r/2)))
    D = g*(1 + b*cos(r))
    uwiano = planki(D*T)/planki(T)/D**2
    return mpya, D, D*T, uwiano

print(safari(9.8, 0.9, 3500))

Namba 26160 inatokana na vigezo vya Planck na Boltzmann kwa nanometa 550. Matokeo manne ni pembe mpya, D, halijoto inayoonekana, na mara ngapi mwangaza umebadilika. Ikikulalamikia kwamba namba imezidi ukubwa, umeitafutia nyota ya nyuma kwenye b iliyo karibu mno na 1. Ichukulie kuwa imezimika.

Sasa zipitishe nyota zetu nne kwenye b = 0.9.

Betelgeuse inapata D ya 4.33 na halijoto ya Kelvini 15,000. Kutoka nyekundu imekuwa samawati, na mwangaza wake kwa jicho umeongezeka mara 20. Inang'aa kama Mshtarii wakati wa ubora wake. Rigel, jirani yake, ina D ileile, halijoto yake imepanda hadi Kelvini 52,000, na hata hivyo imefifia hadi takriban theluthi mbili ya mwangaza wake wa kawaida! Ilikuwa tayari ya moto kiasi kwamba sehemu kubwa ya nuru yake ilikuwa urujuanimno. Ukiisukuma zaidi unaipeleka mbali na jicho huku eneo lake likipungua. Kwa hiyo mbele ya msafiri nyota nyekundu ndizo zinazochukua usukani, na zile za samawati zilizotawala anga letu zinarudi nyuma. Nyota hafifu nyekundu ambazo leo hatuzioni bila darubini zitajitokeza kwa wingi. Hii ndiyo sehemu ya uigaji ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayokosekana karibu kila mahali.

Polaris inapata D ya 2.27 ingawa kweli iko ubavuni, na inang'aa mara 2.6 zaidi. Antares ndiyo ya ajabu. Kweli iko nyuma yako, nyuzi 148, lakini aberesheni imeivuta hadi nyuzi 77 kutoka mbele, kwa hiyo ungeitafuta mbele ubavuni. Ungeitafuta bure. D yake ni 0.54, halijoto inayoonekana imeshuka chini ya Kelvini 2,000, mwangaza umepungua zaidi ya mara 130. Nyota ya daraja la kwanza imetoweka machoni ikiwa upande wa mbele.

Kutokana na hilo unapata umbo la anga zima. Kwenye 0.9, mpaka ambapo D ni 1 upo nyuzi 51 kutoka mbele. Ndani yake nuru imesukumwa kuelekea samawati, nje yake imevutwa kuelekea nyekundu na kufifia haraka. Unachoona ni kundi zito la nyota mbele, nyeupe na za samawati, na weusi unaozidi kadiri unavyogeuza shingo. Upinde wa mvua wa duara, wenye rangi zote zikifuatana, ambao wasanii huupenda, haupo. Nyota hazitoi rangi moja. Ukisukuma rangi yake ya kijani iende kwenye urujuani, infraredi, ile nuru iliyo chini ya nyekundu ambayo jicho halioni, inapanda kushika nafasi.

Ukitaka kuchora anga lote badala ya nyota nne, chukua orodha ya nyota iliyo huru, kwa mfano HYG, ambayo ina nyota zaidi ya 100,000 ikiwa na mahali, mwangaza na rangi ya kila moja. Rangi katika orodha huandikwa kama tofauti ya B na V (mwangaza wa nyota kwenye nuru ya samawati na kwenye ile ya kijani-manjano), na unaigeuza kuwa halijoto kwa kanuni ya Ballesteros:

T = 4600 × ( 1/(0.92×BV + 1.7) + 1/(0.92×BV + 0.62) )

Ijaribu kwa Jua, lenye BV ya takriban 0.65, ukipata kama Kelvini 5,770 uko sawa. Kisha kwa kila nyota kokotoa pembe kutoka Alnilam, ipitishe kwenye safari(), ichore mahali papya. Usiishie kwenye nyota zinazoonekana kwa macho leo, chukua hafifu pia, la sivyo utazikosa zile nyekundu zinazozaliwa upya mbele. Mwenye subira anaweza hata kuyaandika matokeo kama faili la .stc na kuliweka kwenye folda ya extras ya Celestia, ili aelee ndani ya anga lililogeuzwa.

Hatua ya 5: Kagua kwa Bradley

Kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, weka b = 0.0000993, ambayo ni kasi ya Dunia, na pembe ya nyuzi 90. Toa pembe mpya kutoka 90, zidisha kwa 3600. Lazima upate 20.5 au jirani kabisa. Ukipata kitu kingine, mara nyingi umechanganya nyuzi na radiani.

Hatua ya 6: Saa, kwa Celestia

Rudi Celestia kwa kazi inayoiweza vizuri: umbali na tarehe. Kuna mtego mmoja. Kubonyeza L huharakisha kalenda ya programu mara 10, lakini hakuharakishi kamera. Kamera huenda kwa sekunde za saa ya ukutani kwako. Ukiweka F4 na kuharakisha wakati mara elfu, sayari zitazunguka kama pia huku wewe ukitambaa kwa kasi ileile, na uigaji wote umevurugika. Kasi na kalenda lazima uzioanishe mwenyewe.

Tufanye safari ya Alfa Centauri, miaka ya nuru 4.37, kwa b = 0.9. Bonyeza H kisha G kwenda kwenye Jua. Bonyeza Enter, andika Rigil Kentaurus (jina jingine la Alfa Centauri), Enter tena, halafu C kuiweka katikati. Bonyeza L mara 7, kalenda iende mara 10,000,000. Kwa mwendo huo kila sekunde ya ukutani ni miaka 0.317 ya Dunia, hivyo kamera inatakiwa isogee 0.9 × 0.317, yaani miaka ya nuru 0.285 kwa sekunde. Bonyeza F7, ambayo ni mwaka wa nuru mmoja kwa sekunde, kisha gonga Z taratibu hadi usome kama 0.285. Safari itachukua sekunde 15 hivi. F1 ndiyo breki.

Kalenda ya Celestia ni ya Dunia. Itakuonyesha imepita miaka 4.86. Saa ya chombo haipo kwenye skrini, inabidi uigawe mwenyewe kwa g: miaka 4.86 ÷ 2.294 ni miaka 2.12. Huo ndio umri uliouongeza wewe. Kwa 0.99 safari hiyohiyo ingekuwa miaka 4.41 ya Dunia na miezi 7 na nusu ya kwako.

Sasa bado uko Alfa Centauri. Chagua Jua kwa H, kisha bonyeza kitufe cha kutoa, kile chenye kistari. Celestia itarudisha kalenda nyuma kwa muda ambao nuru ilitumia kukufikia, miaka 4.37. Utakachokiona kwa darubini kutoka hapo ni Dunia ya miaka 0.49 baada ya kuondoka kwako, kama miezi 6, ilhali wewe una miaka 2.12 njiani. Gawanya 2.12 kwa 0.49 bila kukata desimali mapema: unapata 4.36. Linganisha na 1/D kwa pembe ya nyuzi 180 kwenye programu yako ya Python. Namba hizo mbili zisipokubaliana, kasi uliyoiweka kwenye Celestia na b uliyoiweka kwenye Python si za safari moja.